Gundi Haijakauka

Tulipomzika Baba Mdogo Ambani mwezi uliopita, mshereheshaji alinipa dakika mbili. Kwa mazishi ya kwetu hizo si haba, kwa sababu wanasiasa walikuwa wanangoja zamu yao na mvua ilikuwa imeanza kujikusanya upande wa msitu. Nilishika kipaza sauti, nikasema alikuwa mdogo wake baba yetu, kwamba alipiga gita miaka mingi na alitupenda, nikakirudisha. Luseno na Muhonja walikuwa wamesimama nyuma yangu, watu wazima wenye watoto wao, na nilipogeuka nilimwona Luseno ananitazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. "Dada, hiyo tu?" akaninong'oneza. Hiyo tu. Nilichokuwa nacho hakikutosha dakika mbili, tena mwanzo wake haufai kusemwa mbele ya jeneza. Kwa mwaka mmoja mzima nilimwogopa mtu huyo kuliko nilivyoogopa njaa.

Sitaeleza jinsi wazazi wetu walivyoondoka. Nitaanzia siku ya tatu baada ya kumzika Mama, siku ambayo kwetu watu hunyolewa nywele na mambo ya boma kupangwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Luseno alikuwa na kumi na mmoja, Muhonja sita. Tulikaa chini ya turubai la kukodi, vichwa vikimeta, na ukoo ukasema mambo yake juu yetu kana kwamba sisi ni viti. Luseno angekwenda Navakholo kwa Senje Rasoa, dada yake baba, asome huko na kumsaidia kuchunga ng'ombe. Muhonja angekwenda Kabras, kwa Baba Mkubwa, ambako nyumba ilikuwa kubwa na miwa ilifika hadi mlangoni. Mimi nilikuwa nimekwisha acha shule kidato cha pili, kwa hiyo mimi ningeolewa. Nilisimama nikasema sitaki watengane, nina kazi mjini kwa Fundi Shivachi, nitawalea. Watu wengine walicheka, si kwa ubaya. Baba Mkubwa akasema, "Basi tumpe mwaka. Mwaka ukiisha tukae tena hapa hapa, na Ambani atuambie ameona nini, maana yeye ndiye yuko karibu." Hivyo ndivyo Baba Mdogo alivyofanywa kuwa macho ya ukoo. Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama. Alikuwa amesema mapema, nikisikia, kwamba mtoto wa kike hawezi kushika boma.

Karakana ya Shivachi ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko la Kakamega, kati ya mama wa mitumba na kinyozi. Ilinuka vumbi la mbao, rangi ya viatu na omena wa jirani. Ukutani kulikuwa na viti visivyo na miguu, ngoma mbili za isukuti zilizochanika, na kinanda cha kanisa ambacho hakuna aliyerudi kukichukua. Mzee mwenyewe alikuwa fundi wa samani aliyejifunza vyombo vya muziki kwa kuvifungua tu. Mwaka ule mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho la kulia na anaanza la kushoto, kwa hiyo kazi ndogo ndogo zote zilikuwa zangu. Alinianzisha na milango. Tundu la skrubu la bawaba likipanuka, unajaza njiti za kiberiti, unadondosha supaglu, unagonga, unarudisha skrubu, na mlango unafunga hadi wajukuu. Kila fundi wa Kakamega anajua hivyo. Nilirekebisha milango mia kwa njia hiyo, na nilijiona najua mbao.

Wiki mbili kabla ya mwaka wetu kwisha, Baba Mdogo aliingia na gita lake la umeme, jekundu, lililofungwa kwa shuka. Alikuwa na bendi iliyopiga kwenye arusi na harambee kuanzia Malinya, kwenye uwanja wa mafahali wa kupigana, hadi mpaka wa Bungoma. "Shivachi yuko wapi?"

"Amekwenda kliniki ya macho, Baba. Atarudi wiki ijayo."

"Na mimi nina arusi Jumamosi." Alinionyesha. Gita la namna ile halina daraja lililogongomelewa. Daraja, kile chuma ambacho nyuzi hupita juu yake, linaegemea nguzo mbili fupi za chuma, na nyuma linavutwa na springi. Mpigaji akibonyeza mkono mwembamba wa pembeni, daraja linainama, nyuzi zinalegea, sauti inayumba kama mtu anayelia kwa mbali. Akiuachilia, kila kitu kinarudi mahali pake. Kinarudi ikiwa zile nguzo mbili hazisogei. Ya kushoto ilikuwa inasogea. Ilikuwa imeinama mbele kama jino la mtoto. "Wewe unaweza hii?" akaniuliza, na niliona wazi kwamba haulizi habari za gita tu. Nikasema naweza.

Nimelifikiria neno hilo miaka yote. Ningesema "ngoja Mzee arudi", angekwenda kwa fundi mwingine, na labda ukoo ungesikia kwamba sina kazi ya maana. Nikasema naweza, nikajaza njiti tisa za kiberiti kuzunguka nguzo, nikadondosha supaglu, nikagonga kwa nyundo ya mpira. Ilisimama wima. Nilijisifu njia nzima juu ya baiskeli hadi nyumbani, na jioni hiyo niliwapikia watoto mayai kwa obusuma, ugali wetu, kana kwamba ni Krismasi.

Alirudi Jumatano iliyofuata arusi. Mzee alikuwepo, ameketi kwenye stuli yake. Baba Mdogo hakusalimu. Aliweka gita mezani taratibu, na utaratibu huo ndio uliotisha.

"Mlango," akasema. "Shivachi, msichana wako amenitengenezea gita kama mlango. Bibi arusi anaingia. Mimi nabonyeza hapa. Gita inalia kama mbuzi imekanyagwa! Watu wakacheka. Mchungaji akacheka. Mchungaji, Shivachi!"

Mzee aliingiza kidole chini ya nyuzi, akakisogeza hadi kwenye nguzo. "Alifanya vile nilimfundisha. Milango nimemfundisha. Gita hatukuwa tumefika."

"Na mimi nitasema nini Jumapili?" Sasa alinigeukia. "Ukoo unakaa Jumapili, unajua. Wataniuliza, Ambani, huyu anashikilia hao watoto na kazi gani? Niwaambie ya njiti za kiberiti?"

Nilisikia mashine ya kinyozi ikinguruma upande wa pili wa bati.

"Ijumaa naitaka," akasema. "Jumamosi niko Navakholo, arusi nyingine. Kama imeshinda nyinyi, semeni sasa."

Mzee alifuta kidole chake kwenye suruali. Alikuwa na tabia hiyo, ya kuacha kimya kikugeukie wewe. Nikasema, "Tuachie, Baba." Sikusema naweza.

Alipoondoka tulilegeza nyuzi, tukachomoa springi, tukainua daraja. Nguzo inakazwa kwa kuzungushwa ndani ya bushi, kikombe kirefu cha chuma kilichosukumwa ndani ya mbao, na bushi ile ilikuwa imegandamana na uchafu wangu wa gundi. Nilitaka kuitoa kwa koleo. Mzee akanishika mkono. Alinifanya nikate kipande cha msumari, nikidondoshe ndani ya bushi, kisha nirudishe nguzo na kuizungusha. Nguzo ilipofika chini ikakutana na msumari, ikakosa pa kwenda, na kila nilipozungusha bushi yenyewe ikapanda juu, polepole, kama uyoga unaotoka ardhini. Ilitoka na njiti zangu zikiwa zimeshikana, ngumu kama kioo. Chini yake niliona ufa. Ulianzia tunduni ukaelekea kwenye shimo la sumaku za gita, katikati ya mbao. Ni nyundo yangu ya mpira iliyoupasua. Mzee aliufuata kwa ukucha. "Umefika wapi?"

"Nusu, Mzee."

"Ukifika mwisho hii ni kuni."

Tulilipanua tundu kwa keekee hadi tukafika kwenye mbao safi. Sasa ilitakiwa kipande cha mti mgumu kuziba tundu, na katikati yake litobolewe tundu jipya la bushi. Nilichagua mpini wa jembe uliovunjika, kwa sababu mti unaochaguliwa kwa jembe umekwisha jaribiwa. Nikakata kipande cha mviringo mwishoni mwake, nikakisugua kwa msasa mpaka kikakaa sawasawa tunduni. Ilinichukua saa nzima. Mzee alikichukua, akakipapasa kwa kidole gumba, akakitupa kwenye taka.

"Umekata kama muhogo. Mishipa ya mti imesimama. Nyuzi zikivuta, nguzo itakipasua vile shoka hupasua gogo. Mishipa yake lazima ilale upande mmoja na mishipa ya gita. Kata ubavuni."

Nilikata ubavuni mwa mpini, na hapo mti ulikataa kuwa mviringo. Ulichanika pembe mara mbili. Cha tatu kilikamilika Alhamisi adhuhuri. Nilipaka gundi nyeupe ya mbao, nikaisukuma ndani ya ufa kwa wembe, nikapachika kipande, nikabana kwa klampu mbili, ya juu na ya ubavuni. Gundi ilichuruzika kidogo pande zote, nikaifuta. Mara mvua ya Kakamega ikaanza juu ya bati, ile ya alasiri isiyoomba ruhusa, na hewa ndani ikawa kama ya nyumba inayochemsha maharagwe.

"Itakauka lini?" nikauliza.

"Jua likiwaka, siku mbili. Na hii mvua, hesabu hadi Jumatatu."

"Anaitaka kesho, Mzee."

"Mimi nimekuambia ya gundi. Ya Ambani mwulize Ambani."

Siku hizi nina karakana yangu, na vijana wanaoniletea kazi huniambia kila kitu ni cha leo leo. Siwalaumu. Usiku ule mimi mwenyewe sikulala vizuri, nikipanga hoja kichwani. Supaglu ilishika kwa dakika moja, hii kwa nini siku nne? Pengine Ijumaa mchana ingekuwa imeshika nusu, na nusu ingetosha kwa arusi moja. Asubuhi, kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kugusa tone la gundi lililobaki kwenye ubao wa meza. Lilikuwa na ngozi juu. Nilipolibonyeza, maziwa yalitoka ndani.

Baba Mdogo alikuja saa sita, amevaa koti la bendi, la buluu lenye kola ya kung'aa. Aliona gita limelala mezani bila nyuzi, limebanwa na vyuma viwili. "Toa hizo vitu, weka nyuzi. Gari inangoja."

"Gundi haijakauka, Baba."

"Itakaukia njiani."

"Nikifunga nyuzi leo, nguzo itainama tena, na ufa utamaliza mbao yote. Halitatengenezeka tena."

"Unajua hivyo?"

"Najua."

"Wiki iliyopita pia ulikuwa unajua." Hilo liliniingia. Alisogea mezani, akashika skrubu ya klampu. "Hii gita ni yangu ama ni yako?"

"Ni lako."

"Basi mimi ndiye nasema." Akaanza kuizungusha. Sikufikiri. Niliweka kiganja changu juu ya klampu, juu ya vidole vyake. Hatukuwahi kushikana mikono hivyo. Mtu hamshiki baba yake mdogo hivyo. Vidole vyake vilikuwa na sugu ngumu za nyuzi. Nilihisi viko tayari kusukuma, na nilijua, wakati huo huo, kwamba nimemshika mtu ambaye keshokutwa angesema neno moja na Muhonja angepanda gari la Kabras. Ningeweza kuondoa mkono. Gita lingeharibika Navakholo, mbali, na labda kwa hasira za huko angenisahau. Lakini sikuweza kuiona gundi ile mbichi ndani ya tundu na kusema imekauka.

"Umekuwa fahali wa Malinya?" akasema polepole. "Unataka tupigane?"

"Hapana, Baba. Nataka ungoje Jumatatu."

Alimgeukia Mzee. "Shivachi! Mwambie huyu mtoto atoe mkono."

Mzee alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti kwa kuupapasa, na hakuacha. "Mimi sioni hapo vizuri," akasema. "Kazi ni yake. Akisema haijakauka, haijakauka."

Baba Mdogo alitoa vidole vyake kimoja kimoja. Alijifunga kifungo cha koti. "Sawa. Jumapili tutaonana." Akatoka, na mama wa mitumba akachungulia kuona nani amekufa.

Jumamosi Senje Rasoa alitangulia kutoka Navakholo ili asaidie kupika. Alikuwa mwanamke mwema mwenye sauti isiyojua kunong'ona. Nikiwa uani nachambua mboga ya likhubi, nilimsikia jikoni akimwambia jirani, "Ingokho tutachinja, lakini firigisi ya nyumba hii sijui nitampa nani. Nyumba haina mwanaume." Kisha, "Huyo Mmbone ni mtoto mzuri, lakini jana amemnyima Ambani gita. Leo anapiga hiyo arusi na gita ya kuazima! Ambani amekasirika, hata hakula." Nilipoingia chumbani kuchukua kisu, nilimkuta Muhonja amekaa kitandani na mfuko wa karatasi magotini. Ndani alikuwa ameweka sare ya shule, kikombe chake, na kiatu kimoja. Nikamuuliza kingine kiko wapi. "Nakitafuta," akasema. "Ili kesho nisiwacheleweshe." Nilirudi uani nikachambua likhubi lile lile mara mbili.

Jumapili walikaa baada ya kanisa, watu kumi na wawili, viti vya kuazima, sisi watatu kwenye mkeka. Baba Mkubwa aliomba, akaeleza tulichokubaliana mwaka uliopita, akauliza kama kuna mtu wa kusema. Senje alisema watoto wamekuwa safi, hilo hawezi kukataa, lakini Luseno yuko karibu kubaleghe na anahitaji mkono wa mwanaume. Mtu mwingine akasema kazi ya soko leo ipo, kesho haipo. Wote walikuwa wananena polepole, wakimngoja mmoja. Baba Mdogo alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia gotini. Luseno aliukandamiza mguu wake kwenye wangu. Sikumtazama.

"Ambani," akasema Baba Mkubwa. "Wewe ndiye tulikuachia macho. Umeona nini?"

Alisimama. Alikohoa, akaigeuza kofia. "Nimeona huyu msichana akiharibu gita yangu," akaanza. "Mumesikia wote, kwa hivyo sitaficha. Aliiharibu, nikachekwa na kanisa mzima. Nikamrudishia. Ijumaa nimeenda kuichukua. Yangu, nimeinunua na jasho yangu. Akanikatalia. Ameweka mkono hapa, hivi," akaonyesha juu ya mkono wake mwenyewe, "akaniambia bado. Nimemtisha. Nimemkumbusha mambo ya leo, na yeye anaelewa, si mjinga. Hakutoa mkono." Alivaa kofia, akaivua. "Sasa mimi mwanaume mzima nimeshindwa kumtoa gita mkononi. Ni nani kati yenu anataka kwenda kumtoa watoto? Aende. Mimi sitafuatana naye."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia, kisha wengi wakacheka, na Senje akajifunika uso kwa leso. Baba Mkubwa hakucheka. "Na hiyo gita imepona?"

"Sijui. Iko kwake. Amesema kesho."

Macho yote yakanigeukia pale mkekani. "Ni kesho mchana," nikasema. "Asubuhi nitakuwa natoboa." Baba Mkubwa alinitazama kwa muda ambao bado naweza kuupima, kisha akasema tule, na hakuna aliyetaja Kabras wala Navakholo tena siku hiyo, wala mwaka uliofuata.

Jumatatu gundi ilikuwa kama mfupa. Nilipima umbali kati ya nguzo mbili kwa kadi niliyokata kwenye kalenda ya zamani, nikatoboa kwa keekee kidogo kidogo, nikaisukuma bushi ndani kwa jiliwa, bila nyundo. Baba Mdogo alifika nikifunga uzi wa nne. Hakuketi. Nilipomaliza alilichukua gita, akabonyeza ule mkono wa pembeni hadi nyuzi zikalegea kabisa, akaachilia. Zilirudi. Alibonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayetafuta sababu ya ugomvi, akainamisha sikio, na zikarudi pale pale. Mzee, kwenye stuli yake, alikuwa ameacha kupiga msasa.

"Na leo kama ingekuwa bado?" Baba Mdogo akaniuliza.

"Ningebana tena."

"Na mimi?"

"Ungengoja, Baba."